Dondora Hamuumi Aliyeanguka

Dondora alishuka kutoka juu kwa mvumo wa mabawa, akainyakua kofia ya Tarishi, akaenda kutua nayo juu ya mlango wa kutokea. Pale akaanza kutikisa kiuno.

"Rudisha!" Veneranda Kihwele alipiga meza kwa kiganja. "Rudisha, mdudu we! Nina kazi mimi, sikuja kucheza!"

Lakini alikuwa anacheza, na kucheza ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Tangu asubuhi alikuwa ameketi mbele ya kioo kikubwa cha mchezo katika chumba cha nyuma cha karakana, glavu za kuchezea mikononi, blanketi miguuni kwa sababu ya baridi ya Iringa, na tangu asubuhi alikuwa hajafika popote.

Tarishi alikuwa yuleyule wa tangu utoto wake: kijitu kifupi chenye kaptura ya kaki na begi la barua na karanga begani, kinachoruka kutoka ubao hadi ubao na paa hadi paa kuwapelekea barua watu wanaoishi juu kabisa. Na adui wake alikuwa yuleyule. Katika mchezo wa kwanza Dondora alipanda na kushuka tu kama ndoo ya kisima, hata mtoto wa chekechea aliweza kumpita. Katika wa pili akapewa mwiba. Katika wa tatu akapewa ndugu wawili, wachezaji wakalalamika mpaka ndugu wakaondolewa. Yeye mwenyewe hakuondolewa kamwe. Watu walimtukana, walimchora kwenye fulana, walimpa jina lake kila mkwe msumbufu na kila karani wa foleni. Tarishi bila Dondora ingekuwa ngazi tu.

Halafu likaja toleo la nne, likaja na Ansgari Gama, na tangu hapo Dondora hakupanda na kushuka tena kama ndoo.

Mlango ulifunguliwa. Aliyeingia alikuwa Eliamini Mfinanga, mwenye karakana, Mpare mrefu mwembamba anayetembea kama mtu aliyeambiwa kuna utelezi.

"Vipi, Dada Vene? Umempata?"

"Amenipata yeye."

Mfinanga alitazama kioo. Dondora alikuwa ameivaa ile kofia.

"Anafanya nini huyo?"

"Si unaona, Bosi. Ananicheka."

"Wateja wanakuja alasiri. Nimewaahidi mdudu anayechoma. Sikuwaahidi mcheza ngoma."

"Najua."

"Unajua, lakini sioni." Alijikuna shingo. "Dada yangu, sitaki kukusukuma. Najua mlikuwa mnaelewana na marehemu Gama. Lakini unajua hali yetu. Wakimchukua, anaishi. Wanampeleka kwenye mitambo yao, wanamlisha, wanamtunza. Wasipomchukua, nazima. Sina njia nyingine."

"Nazima" hiyo aliisema akiangalia kona ya chumba, mahali uliposimama mtungi.

*

Mtungi ulikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Ulikuwa wa kioo kizito, na ndani yake, katika maji ya uvuguvugu yenye rangi ya chai ya rangi iliyopauka, palielea fundo la nyuzi nyeupe nyembamba kuliko nywele. Huyo ndiye alikuwa Dondora. Kilichoruka kwenye kioo cha kuchezea kilikuwa kivuli chake tu.

Miaka hiyo maadui wa michezo hawakuandikwa tena kwa programu. Walioteshwa. Nyuzi za neva ziliwekwa kwenye mtungi zikiwa hazijui kitu, kisha mtu aliyeitwa mkufunzi wa maadui alivaa kofia ya nyaya akaketi na kucheza upande wa adui, siku nenda siku rudi. Alipokasirika nyuzi zilijikunja upande mmoja, alipocheka zilijikunja upande mwingine. Polepole zikaota kufuata tabia yake, kama mmea unavyofuata dirisha, mpaka siku moja mkufunzi anavua kofia na adui anaendelea peke yake.

Tabia iliyoota hivyo hainakiliwi. Watu walijaribu. Ukikata kipande ukakiotesha kwingine, unapata kitu kinachotapatapa tu bila kujua kulia wala kushoto. Kwa hiyo Dondora alikuwa mmoja. Aliyecheza Tarishi Bukoba na aliyecheza Mtwara walisumbuliwa na huyohuyo, kutoka kwenye mtungi huohuo, hapo Iringa. Laini za wachezaji zilikuwa zimefungwa wiki ile ili Veneranda afanye kazi, na barua za malalamiko zilikuwa zinamiminika. Lakini zilikuwa za watu wazima wachache wenye kumbukumbu. Vijana walishahamia michezo mingine. Mtungi ulikula umeme kuliko karakana nzima, na chakula chake kilitoka ng'ambo kwa ndege.

Ansgari alipokabidhiwa kofia ya nyaya, aliambiwa jambo moja: fundisha adui. Awe msumbufu, asitabirike, amzuie Tarishi kupita. Ansgari alikuwa Mngoni wa kule Peramiho. Alikaa akafikiri ni adui gani anayemjua vizuri, anayemwamkia kila asubuhi, na akamwona ameketi meza ya pili.

Veneranda alikuwa Mhehe.

Siku ya kwanza kabisa walipokutana, Ansgari aliweka begi chini akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Kumbe wamenikalisha na mtumwa wangu," alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Mtumwa wako babu yako," Veneranda alimjibu bila kuinua macho, "aliyekimbia vita akaacha ngao, mpaka leo mama yangu anaanikia ulezi juu yake."

Mfinanga, ambaye hakuwa Mngoni wala Mhehe, aliwaitia kikao cha usuluhishi. Walikaa kikaoni wakicheka mpaka machozi, naye akawaona wamepungukiwa na akili.

Basi ikawa hivyo miaka yote. Ansgari aliwaambia wageni kwamba Veneranda ni msichana wake wa kazi. Veneranda alikunywa chai yake na kumtoza faini kwa kuvuta hewa ya Iringa bila kibali. Ansgari alificha viatu vyake, naye Veneranda akavifunga vya Ansgari juu ya feni. Mama yake Veneranda alipougua, wa kwanza kubisha hodi wodini alikuwa Ansgari, kuku mkononi, akimuuliza mgonjwa kama anakufa au anawachelewesha watu tu. Mama alicheka akaomba uji.

Mtu aliambiwa afundishe adui, akafundisha mtani. Hakuna aliyegundua kosa hilo mapema, kwa sababu mtani anazuia njia vizuri kuliko adui. Adui anachoka. Mtani hachoki.

*

Kosa lenyewe lilionekana mahali pamoja tu. Tarishi akibakiwa na uhai wa mwisho, akaanguka, akalala chali juu ya ubao nyota zikimzunguka kichwani, Dondora alimjia na mwiba nje. Akafika karibu kabisa. Kisha akarudisha mwiba, akachukua kofia, au karanga, au kiatu, akaondoka zake. Hakuna mchezaji aliyewahi kuchomwa akiwa ameanguka na uhai wa mwisho. Wachezaji waliona ni dosari ya toleo, wakaizoea.

Kampuni ya ulinzi iliyotaka kumnunua haikuwa tayari kuizoea.

Kulikuwa na kurunzi maalumu ya kumulika mtungi. Tabia fulani ikiamka, nyuzi zake ziliwaka kama makaa yaliyopulizwa. Ukishaziona, unaweza kuzitia ganzi kwa muda ili ujaribu, au kuziunguza moja kwa moja. Lakini zilihitaji kuwaka kitambo ili kurunzi izishike, na hapo ndipo mafundi wote waliposhindwa. Dondora alipokuja kwao na kuwaibia, aliondoka mbio, nyuzi zikawaka na kuzimika kama kiberiti chenye unyevu.

Kwa Veneranda peke yake alikaa. Alimjua. Veneranda alikuwa na kasoro ya kubonyeza mara mbili kabla ya kuruka, na Ansgari alikuwa akimwambia, "Nyie Wahehe mnabisha hodi hata hewani." Dondora aliposikia hodi hiyo alijua ni nani, na Tarishi wa Veneranda alipoanguka, mdudu alikunja mabawa akatua kando ya kichwa chake, akakaa.

Ndiyo maana kazi ilikuwa yake. Na ndiyo maana leo, siku ambayo angemhitaji akae, Dondora alikuwa hamwachi hata aanguke.

"Njoo uniume basi!" Veneranda alimwambia. Alimrusha Tarishi makusudi mbele ya mwiba. Dondora akamkwepa. Akamrusha shimoni, Dondora akamdaka kwa mkanda wa kaptura akamrudisha pale alipoanzia. Akasimama bila kusogea. Dondora akaja akaligonga begi lake. Akagonga tena. Tena.

"Unataka nini? Eh? Unataka nini wewe?"

Begi. Gonga, gonga.

Veneranda aliegemea kiti. Alihisi kichwa kinamgonga kwa mdundo uleule.

"Mungu wangu. Unanitoza faini."

Hakuwa amefika chumba hicho tangu msiba mpaka asubuhi hiyo. Wiki kadhaa bila kumwona mtani, bila salamu, kisha unakuja tu na kuanza kuruka kama mwenye nyumba. Faini ilikuwa halali. Hilo lilimkera kuliko yote, kwamba ilikuwa halali.

Akafungua begi la Tarishi, akarusha karanga moja. Dondora aliitazama ilivyodondoka. Hakuigusa.

"Moja haitoshi? Bahili ulikuwa wewe, siyo mimi." Akarusha nyingine. Kisha akashika begi lote akalimwaga, karanga zikatapakaa ubao mzima. "Haya! Kula! Kula upasuke, Mngoni mchafu, mtu anakufa bila kuaga halafu anataka karanga!"

Dondora alizunguka zile karanga mara moja, kama mjomba anayekagua mahari. Kisha akaja na mwiba nje, akampiga Tarishi vizuri, pigo la haki, na lingine, na lingine, mpaka ukabaki uhai wa mwisho. Tarishi akaanguka chali. Dondora akarudisha mwiba, akakunja mabawa, akatua kando ya kichwa chake.

Kwenye kona, mtungi uliwaka.

Veneranda alivua glavu moja taratibu, asiguse kitu, akaelekeza kurunzi. Zilikuwa nyuzi chache sana. Alitarajia fundo, akaona kitu kama mistari ya kiganja. Kurunzi ilizishika, ikatoa mlio mdogo, na vitufe viwili vikawaka mezani: cha ganzi na cha kuunguza.

Akabonyeza cha ganzi.

Kwenye kioo Dondora alisimama. Hakutikisa kiuno. Aligeuka akamtazama Tarishi aliyelala, akatoa mwiba, akamchoma. Akamchoma tena. Tarishi alikuwa amekwisha, maandishi ya kumaliza mchezo yalikuwa yameshatokea, na mdudu aliendelea kuchoma chini ya yale maandishi, kwa mwendo mmoja, bila hasira, kama cherehani. Veneranda akavua glavu ya pili akaitupa chini. Mdudu aliendelea.

Alikaa amejishika mdomo mpaka ganzi ilipoisha. Dondora aliyumba hewani, akagonga ukingo wa ubao, akajipangusa macho kwa miguu ya mbele. Kisha akaenda kukaa mbali na kila kitu.

*

Mteja alikuwa mwanamke mfupi, Bhoke Nyaisa, koti la kijani lenye alama ya kampuni yake kifuani. Alipewa kiti akakataa, akapewa chai akakubali, akainywa amesimama.

"Mimi nalinda maghala," alisema. "Mahindi, kahawa, korosho. Nina mitambo inaruka vizuri lakini ni mijinga. Mwizi akikata kona inagonga ukuta. Nimeambiwa huyu wa kwenu anajua mtu ataruka wapi kabla hajaruka."

"Anajua," alisema Mfinanga. "Huyo hata mimi ananijua."

"Nimeambiwa pia ana ugonjwa. Akimwangusha mtu anamwachia."

"Tumeshaupata. Dada Vene ameupata leo hii, bado kuukata tu."

Bhoke alimgeukia Veneranda. "Hongera, mama."

"Naomba kuuliza," alisema Veneranda. "Mitambo yako ikimwangusha mtu, inafanya nini?"

"Inampiga shoti."

"Akiwa ameshaanguka?"

"Mpaka walinzi wafike. Asiamke akakimbia."

"Na walinzi wakichelewa?"

Bhoke alishusha kikombe. Hakuwa mtu wa kuficha mambo. "Wakichelewa, wanachelewa. Mwaka huu kulikuwa na mmoja, maghala ya kusini. Alikuwa na debe la mahindi. Gari letu lilikwama kwenye tope. Mambo hayo yapo, mama. Mimi nayajibia kwa wakubwa wangu, na bado ghala linatakiwa lilindwe."

"Alipona?"

"Hapana."

Mfinanga alikohoa. "Dada Vene, maliza kazi, tumwonyeshe mgeni."

Veneranda alikuwa amesimama kati ya meza na mtungi. Nyuzi zilielea zikiwa nyeupe, hazina alama yoyote ya kilichopita.

"Bi Bhoke," alisema, "sitakudanganya. Ugonjwa huu unaweza kukatwa. Nimejaribu kwa ganzi, ukikatwa utapata unachotaka, hata zaidi. Lakini huyu mdudu amefundishwa na mtu. Mtu huyo alikuwa mtani wangu. Alinisumbua kila siku aliyoishi, na sikuwahi kuanguka yeye akawa wa kunimalizia. Siwezi kumfanya awe hivyo sasa kwa kuwa amekufa na hana mdomo wa kukataa."

"Dada Vene," alisema Mfinanga.

"Sikati, Bosi."

"Dada Vene, ukikata anaishi! Usipokata namzima! Umesikia? Mtu gani anamuua mwenzake kwa sababu ya heshima yake?"

Hilo lilimwingia. Ndilo lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi, nyuma ya karanga na kofia na kelele zote. Aliona ule mwiba ukienda kama cherehani. Akafikiri: kile kitakuwa hai, ndiyo. Kitakuwa na chakula na umeme, na kitaruka juu ya ghala la mtu, na mahali pa nyuzi za Ansgari patakuwa na kovu.

"Akiishi vile, si yeye anayeishi," alisema. "Nitakuwa nimemzika halafu namtuma kazini."

"Lete glavu." Mfinanga aliketi kwenye kiti kwa nguvu hata kikanung'unika. "Lete, nitakata mwenyewe. Ni mchezo wa watoto huu."

Akavaa glavu. Tarishi akaruka mbele ya Bhoke Nyaisa, na Dondora, ambaye Ansgari alimfundisha akiwa anamwogopa bosi wake kidogo, alimshughulikia kwa adabu zote. Alimchoma upesi, kwa mpangilio, mpaka uhai wa mwisho. Tarishi akaanguka. Mdudu akafika, akarudisha mwiba, akachukua kofia, akaondoka. Kurunzi haikushika kitu.

"Mara moja tena," alisema Mfinanga.

Kofia.

"Ngoja. Ngoja, huyu nimeshamsoma."

Kiatu.

"Mshenzi! Mshenzi huyu! Bi Bhoke, subiri kidogo, ni suala la kumzoea. Rudi hapa! Vene, mwambie arudi!"

"Mwambie mwenyewe, Bosi. Hamjuani?"

Begi zima. Mfinanga alisimama, akapiga teke meza, akashika kidole cha mguu. Bhoke alikuwa amekunywa chai yote. Aliweka kikombe, akafunga vifungo vya koti.

"Nilikuja kununua mlinzi," alisema. "Siwezi kusimama hapa kutazama mtu mzima akiibiwa na mdudu. Mzee, ukipata mwingine nipigie." Mlangoni alimgeukia Veneranda. Akatikisa kichwa tu, akaenda kuwasha gari.

*

Mlio wa gari ulipotea mteremkoni.

"Umeniua," alisema Mfinanga.

"Nisamehe, Bosi."

"Sikusamehe. Labda baadaye." Alikuwa bado ameshika kidole. "Chakula cha mtungi kimeisha. Niliagiza kidogo nikijua leo anaondoka. Nikimwacha hivi, atakufa njaa taratibu. Sitaki kusikia kengele ya njaa ya mtungi ikilia usiku kucha. Tuzime sasa."

"Ndiyo. Sasa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi ni sawa."

Alinyanyuka kwenda kwenye swichi iliyokuwa ukutani nyuma ya mtungi. Veneranda alitangulia. Akageuka, akaukumbatia mtungi kwa mikono yote miwili, akaketi sakafuni mbele yake, miguu ameinyoosha njiani.

"Nini tena?" Mfinanga alisema.

"Hupiti."

"Veneranda! Si umekubali sasa hivi?"

"Nimekubali. Lakini mtu hazikwi hivihivi wakati mtani wake yupo. Kwanza nani alikupa ruhusa ya kuchimba kaburi kwenye ardhi ya Wahehe? Umelipa?"

Mfinanga alimkodolea macho. Kwao Upare alikuwa amewaona watani wa watu wengine misibani: wanawake wanaoingia kaburini wakakataa kutoka, wanaolala mbele ya jeneza, wanaovaa suruali ya marehemu na kuiga anavyotembea, mpaka wafiwa watoe chochote na wasahau kidogo kwamba wanalia. Kule Peramiho, Veneranda alikuwa amelala kwenye mkeka ndani ya shimo la Ansgari, akidai kwamba shimo ni fupi na marehemu alikuwa na miguu ya mbuni, mpaka wajomba wakamletea kuku. Uwanja mzima ulicheka. Mama yake marehemu alicheka. Veneranda hakulia siku ile, kwa sababu mtani halii. Yeye ndiye anayewashikilia wengine.

"Mimi si mtani wenu," alisema Mfinanga kwa uchovu. "Sihusiki na mambo yenu."

"Umekaa naye miaka mingapi? Unahusika. Toa."

"Sina kitu. Umenifukuzia mteja, nina nini mimi?"

"Toa ulichonacho."

Alijipapasa mifuko. Akatoa ufunguo, akaurudisha. Akatoa leso, Veneranda akaitazama kwa dharau. Mwishowe, akipumua kama mtu aliyebeba gunia, aliinama akavua kiatu kimoja, kile cha mguu ulioumia, akamtupia mapajani.

"Haya. Umeridhika?"

"Kinanuka."

"Ndicho nilicho nacho!"

"Na neno. Mwambie neno la kumuaga."

"Nimwambie nani? Mtungi?"

"Mwambie."

Mfinanga alisimama na soksi yake yenye tundu mbele ya kile kioo kizito. "Gama," alisema hatimaye, "mara zote ulikuwa unaniamkia shikamoo, na mimi nimekuzidi miaka miwili tu. Nilidhani unaniheshimu. Kumbe ulikuwa unangoja upate mabawa." Akasita. "Umenifilisi, bwana. Nenda."

Veneranda alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kicheko cha msibani kama inavyotakiwa, kisha katikati kikamkatikia, na kilichotoka baada ya hapo hakikuwa kicheko tena. Alijaribu kukizuia kwa kiganja. Akakumbuka kwamba hapa hapakuwa na mama wa marehemu wala uwanja wa watu wa kushikiliwa, akaacha. Akavuta miguu yake, njia ikawa wazi.

Mfinanga akaenda kwenye swichi kwa kuchechemea, kiatu kimoja na soksi moja. Akazima.

Maji ya mtungi yaliacha kutetemeka. Nyuzi zilishuka polepole zikalala chini, kama uzi uliotolewa kwenye sindano.

Kwenye kioo mchezo ulikuwa bado unaendelea, kwa maana Tarishi hakuwa wa mtungi. Yeye ni picha tu. Alikuwa amesimama kwenye ubao wa mwisho. Juu ya mlango wa kutokea hapakuwa na mtu. Upande wa kushoto hapakuwa na mtu, angani hapakuwa na mtu, na kutoka pale alipo mpaka mlangoni njia ilikuwa nyeupe, ya kuruka mara moja tu.

Veneranda alifuta uso, akavaa glavu. Akakaa nazo mikononi muda mrefu, Mfinanga amesimama nyuma yake ameshika kiti, na wala hakuna aliyemrusha Tarishi.